Dakika Kumi za Hewa

Walipomfungulia mpishi mlango wa stoo ya viazi, alitoka akitambaa. Meno yake mawili yalibaki ndani, sakafuni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba hadi vidole havikujulikana kipi ni kipi.

"Nani amempiga?" Inspekta aliuliza.

Mabaharia waliojipanga kwenye ujia mwembamba wa meli wakaangalia viatu vyao.

"Amejigonga," alisema mmoja.

"Mara ngapi?"

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mfupi, mwenye kovu lililoanzia kwenye nyusi likapotelea nyweleni. Kwa kovu hilo kituo kizima kilimwita Ngeu, naye alilijua jina hilo wala hakulikataa. Alichuchumaa mbele ya mpishi, akamnyanyua kidevu kwa vidole viwili.

"Wewe ndiye Ukoko?"

"Ndivyo wanavyoniita, mama." Maneno yalitoka na povu jekundu. "Sikumuua. Nilimpelekea chai, basi. Haki ya Mungu nilimpelekea chai."

"Wanasema mligombana."

"Chumvi! Alisema natia chumvi nyingi. Mtu anauawa kwa chumvi?"

"Aprini yake imelowa damu ya marehemu, Inspekta." Sauti ilitoka nyuma, tulivu, ya mtu aliyelala vizuri. "Watu walimpenda yule kijana. Wakashindwa kujizuia."

Msemaji alikuwa ofisa wa kwanza, wa pili kwa cheo baada ya nahodha. Melini alikuwa Chifu tu. Mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, ndevu zimechongwa. Ngeu alimtazama mikono. Vifundo vya vidole vyote vinane vilikuwa vimechubuka.

"Na wewe hukujizuia."

"Mimi ndiye niliyeanza," alisema Chifu bila aibu. "Niandikie hilo nami nitatia sahihi."

Sajini, jitu la kilo mia na ushee lililotembea na Ngeu kila mahali, aliandika. Mpishi akabebwa kwenda hospitali chini ya ulinzi. Alipopitishwa mbele ya Chifu alijikojolea.

Aliyeuawa alikuwa ofisa wa pili, kijana wa miaka thelathini ambaye mabaharia walimwita Profesa kwa sababu kila alipokaa alikuwa na penseli. Asubuhi ya jana meli ilikuwa bado imetia nanga nje, maili nne kutoka ufukweni, ikisubiri nafasi gatini. Profesa alikuwa kwenye ghala la kamba, nyuma kabisa ya meli, akikagua kamba za kufungia. Mpishi alimpelekea chai huko. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano Profesa aliongea kwa redio ya mkononi na serangi, kiongozi wa mabaharia, aliyekuwa mbele ya meli na watu wake wote. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano mpishi alirudi kuchukua kikombe, akamkuta amelala kifudifudi juu ya kamba, kichwa kimefunguka. Alimkumbatia, akapiga mayowe. Ndiyo ikawa asili ya damu ya aprini.

Dakika kumi. Mtu alikuwa amemwua katika dakika kumi hizo.

Ngeu aliingia ghalani na kurunzi. Mwili ulikwishaondolewa, lakini ghala lilikuwa bado linanuka kama bucha isiyooshwa. Damu ilikuwa imenywewa na kamba, ikazifanya nyeusi na ngumu. Matone yalikuwa yameruka hadi darini, mistari mitatu iliyopishana.

"Mapigo matatu," alisema. "La kwanza amesimama, tazama ukutani. Mawili amekwishaanguka."

Sajini alionyesha mfuko wa ushahidi. Ndani mlikuwa na shakeli, pingu ya chuma ya kuungia minyororo, kilo nne na nusu, nywele zimenasa kwenye nyuzi za skrubu yake.

"Mpishi ana bega bovu, afande. Daktari wa bandari amenithibitishia. Hawezi kunyanyua mkono wa kulia kupita kifua tangu mwaka jana. Kuruka kwa damu hadi darini..."

"Unahitaji mkono unaopanda." Ngeu alizima kurunzi. "Na mwenye vifundo vilivyochubuka amepata mahali pazuri pa kuvificha. Kwenye uso wa mpishi."

"Lakini Chifu alikuwa juu, kwenye usukani."

"Anasema alikuwa juu."

Alipima njia mwenyewe. Kutoka ghala la kamba hadi chumba cha usukani palikuwa na ngazi nne za chuma na ujia mrefu. Alikwenda kwa haraka, saa mkononi, mara mbili. Dakika tano na nusu mara zote mbili, na magoti yakawaka moto.

Nahodha aliwapokea chumbani kwake. Alikuwa mzee mnene, macho yametumbukia, na aliongea akitazama dirisha kana kwamba Inspekta amesimama nje.

"Wakili wa wenye meli amepata amri ya mahakama," alisema. "Saa nane maji yakijaa tunaondoka. Mshukiwa unaye. Mchukue mpishi wako, mama, utuache tufanye kazi."

"Ni wangu tangu lini?"

"Maofisa wangu hawakumgusa marehemu. Chifu ana ushahidi. Muonyeshe, Chifu."

Chifu alikuwa amejiandaa. Aliweka mezani daftari lenye jalada gumu na kifaa cha kupimia kimo cha jua: tao la chuma lenye namba, vioo viwili, na darubini ndogo. Mabaharia wanakiita sekstanti.

"Kampuni inatulazimisha kufanya zoezi," alisema. "Mitambo ya setilaiti ikifa, tuweze kujua tulipo kwa jua. Jana asubuhi nilikuwa kwenye roshani ya nje ya usukani. Saa kumi na mbili, dakika ishirini na nane, sekunde arobaini. Soma hapo. Nililipima jua."

Ngeu alisoma. Mwandiko ulikuwa safi. *Digrii 4, dakika 51.*

"Dakika?"

"Si za saa. Digrii moja ya pembe ina dakika sitini." Alitabasamu kidogo, kama mwalimu wa chekechea. "Jua halisimami, Inspekta. Kila nukta limepanda. Kama sikuwa pale saa ile, namba hii nimeitoa wapi? Ipeleke kwa mtaalamu yeyote. Itamwambia meli ilikuwa pale pale kwenye nanga, saa ile ile. Siwezi kuwa na jua mkononi na wakati huohuo niko nyuma na shakeli."

Hesabu ya njia ilimkubalia. Aliyeua saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asingefika juu kabla ya thelathini na nusu. Na aliyekuwa juu dakika ya ishirini na nane na ushee, akishuka, angefika nyuma wakati mmoja na mpishi.

"Ni kawaida kupima jua likiwa chini hivyo?" Ngeu aliuliza.

"Zoezi ni zoezi."

"Nitachukua daftari. Na kifaa. Na almanaka mnayotumia."

Kwa mara ya kwanza Nahodha aligeuka kutoka dirishani. "Virudi kabla ya saa nane."

"Vitarudi na mimi."

Saa tano kasorobo Ngeu na Sajini walikuwa kwenye chumba cha maiti. Kwenye benchi la nje alikaa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya. Alikuwa mjomba wa Profesa, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, na kwa miaka thelathini alikuwa amefundisha vijana chuoni kuongoza meli kwa jua na nyota. Wote waliopita mikononi mwake walimwita Mwalimu.

"Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa, mwanangu." Hakuwa amepoa. Mikono yake ilikuwa imeshikilia saa ya marehemu kama mtu anayezuia ndege asiruke. "Daktari ameniambia pigo la kwanza lilitosha. Nikamwuliza, la pili na la tatu yalikuwa ya nini? Hakunijibu."

"Mzee, sitaki kukusumbua leo. Lakini nina namba nisiyojua kuisoma, na saa nane meli inaondoka."

Mwalimu alinyoosha mkono. Alilipokea daftari la Chifu. Alisoma saa, akasoma namba, akafungua magotini almanaka, kitabu cha mahali pa jua na nyota kila saa. Kisha akatoa simu, akaigeuza kiubavu, kikokotoo kikafunguka chote na alama zake nyingi. Aliandika nyuma ya fomu ya kupokelea mwili, kwa sababu ndiyo karatasi aliyokuwa nayo.

Mhudumu alitoka na ndoo ya maji ya rangi ya chai ya rangi, akamwaga mtaroni, akarudi ndani. Mwalimu hakuinua kichwa.

"Mahali pa nanga panajulikana?"

"Bandari wanapo, hadi mita."

"Basi sikiliza. Mahali pale, saa ile, jua lilikuwa digrii tano kamili juu ya upeo wa bahari. Hiyo haihitaji macho, ni almanaka na hesabu. Lakini mpimaji hapimi katikati ya jua, hawezi kupaona. Anapima ukingo wa chini. Toa nusu ya jua, dakika kumi na sita. Naye amesimama mita kumi na sita juu ya maji, upeo kwake unashuka. Ongeza saba. Unapata nini?"

Ngeu alihesabu kwa midomo. "Nne na hamsini na moja." Moyo ulimshuka. "Ndiyo namba yake."

"Ndiyo yenyewe. Haikupungua unywele."

"Basi alikuwa pale."

"Hapana, mama. Hakuwa pale." Mwalimu alivua miwani. "Umenisikia nikitaja hewa?"

"Hewa?"

"Ukitia kijiko kwenye glasi ya maji unakionaje?"

"Kama kimevunjika."

"Na hakijavunjika. Nuru ndiyo imepinda. Hewa nayo inapinda nuru vivyo hivyo. Jua likiwa utosini, nuru inashuka wima, hakuna cha kupinda. Likiwa chini, nuru inakuja mshazari, inapita kwenye hewa nene safari ndefu, inapinda, na jua tunaliona juu kuliko lilipo. Asubuhi unapoliona lote limetoka baharini, lenyewe bado limo. Kwa kimo kile, hewa inalipandisha jua dakika kumi." Alichora mstari chini ya namba, akabonyeza hadi penseli ikatoboa karatasi. "Mtu aliyesimama roshani na kifaa mkononi angesoma digrii tano na dakika moja. Asingeweza kusoma nne na hamsini na moja hata angelipwa. Jua halikuwa hapo kwa jicho la mwanadamu."

"Alihesabu kinyumenyume," alisema Ngeu polepole. "Alijua meli iko wapi. Akakokotoa jua lilipaswa kuwa wapi, akaandika kana kwamba ameliona."

"Akakumbuka nusu ya jua, akakumbuka kimo cha roshani, akasahau hewa. Kikokotoo kinajua jua lilipo. Hakijui linapoonekana."

"Ofisa wa kwanza anasahauje kitu kama hicho?"

"Fungua kurasa za nyuma."

Ngeu alifungua. Miezi minne ya mazoezi, na kila moja lilikuwa saa sita au saa saba mchana, jua likiwa juu.

"Utosini hewa haimsumbui mtu," alisema Mwalimu. "Na hata makosa yake ya kweli yaangalie. Mara maili moja, mara mbili. Ndivyo mikono ya watu ilivyo. Jana peke yake alikuwa sahihi kama malaika. Nenda ukaisahihishe namba yake inavyotakiwa, hewa na yote, uone meli ilikuwa wapi. Inarudi magharibi maili kumi. Nne za maji."

"Na sita?"

"Nchi kavu. Alikuwa ametia nanga kwenye kiwanda cha saruji."

Sajini alicheka, akajikamata, akaomba radhi. Mwalimu alimpungia mkono.

"Wakili wake atasema hewa ya jana ilikuwa ya ajabu," alisema Ngeu.

"Joto na baridi huongeza au kupunguza dakika moja. Si kumi zote. Ili hewa isipinde nuru kabisa, lazima isiwepo. Na kama haikuwepo, wangekufa melini wote. Asingekufa mwanangu peke yake." Alivaa tena miwani. "Mimi ni mjomba, nina uchungu, usichukue neno langu tu. Mpe mtu mwingine. Atapata jibu hilohilo, jua halina ndugu."

Ngeu aliinuka. Mzee alimshika kifundo cha mkono, kwa nguvu asiyoitarajia.

"Niachie dakika tano naye."

"Siwezi, mzee."

"Basi msimpige risasi. Nataka azeeke humo ndani."

Rubani wa bandari, anayeingiza meli gatini, alikuwa nahodha mstaafu asiyemjua marehemu. Ngeu hakumwambia kitu. Alimpa mahali, saa, kimo cha roshani, akamwuliza mpimaji angesoma nini. Baada ya robo saa rubani alijibu: digrii tano, dakika moja. Alikijaribu pia kifaa chenyewe kwa kukilenga kwenye upeo wa bahari. Kilisoma sifuri, hakikuwa na kosa. Akatia sahihi karatasi zote mbili, yake na ya Mwalimu.

Saa saba na nusu walipanda meli. Mitambo ilikuwa inanguruma na kamba moja ilikwishafunguliwa. Chifu alikuwa kwenye ile roshani ya nje, redio mkononi. Nahodha alisimama mlangoni pa usukani.

"Umeridhika?" Chifu aliuliza.

"Nataka maelezo yako kwa maandishi, niifunge kesi." Ngeu alimpa fomu. "Ulipima kwa macho yako mwenyewe?"

"Kwa macho haya."

"Ulisoma nini kwenye kifaa? Namba uliyoisoma, kabla ya hesabu yoyote."

"Nne, hamsini na moja. Nirudie mara ngapi?"

"Tia sahihi."

Alitia. Ngeu alikunja fomu, akaiweka mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

"Hewa umeiweka wapi?"

"Nini?"

"Hewa. Inapandisha jua dakika kumi. Uliona jua la digrii tano na dakika moja, ukaandika la kwenye kikokotoo. Au hukuona jua lolote."

Chifu hakubadilika uso. Macho tu ndiyo yalikwenda kwenye ukurasa wa daftari mkononi mwa Ngeu, yakashuka mstari kwa mstari, na Ngeu aliyaona yakifika mahali palipokuwa patupu. Yakasimama hapo.

"Nilisahau kuiandika," alisema.

"Iandike sasa. Meli inapanda kwenye kiwanda cha saruji."

Aliichukua sekstanti mikononi mwa Sajini kama mtu anayetaka kuonyesha jambo, akamtandika nayo usoni. Tao la chuma lilifungua shavu la Sajini kutoka sikioni hadi mdomoni, ufizi ulionekana. Pigo la pili lilimpata kwenye koo, naye akashuka kwa magoti akitafuta pumzi. Ngeu aliifikia bastola lakini hakuwahi kuitoa. Bega la Chifu lilimgonga kifuani, mgongo ukakutana na reli, na mikono miwili ikamfunga shingo.

Chifu alimsukuma nje ya reli. Miguu ya Ngeu iliacha sakafu. Chini, mbali kabisa, aliona zege la gati na watu wadogo waliokuwa wameinua nyuso. Dunia ilianza kuwa nyeusi pembeni. Kijasho cha Chifu kilimdondokea jichoni.

"Angenyamaza," Chifu alikuwa anasema kwa meno, akimtikisa kwa kila neno. "Nilimwambia. Anyamaze. Tu."

Ngeu aliacha kupigania shingo. Alikamata kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akakivunja kwa nyuma. Kikalia kama kuni kavu. Mkono ulipolegea alitia kidole gumba kwenye jicho la Chifu, akabonyeza, akaendelea kubonyeza hadi alipolia. Wakaanguka ndani pamoja. Chifu alikuwa wa kwanza kusimama, mkono mmoja jichoni, mwingine ukipapasa sekstanti sakafuni. Sajini, shavu likining'inia, alimshika miguu na kumvuta. Chifu alimkanyaga uso. Sajini hakuachia. Ngeu alipata nafasi ya teke moja, akalipeleka kwenye goti, kwa ubavu, kwa uzito wake wote.

Goti lilikwenda upande lisikoumbwa kwenda. Chifu akabiringika chini kwenye ngazi ya chuma, vipandio kumi na viwili, na kila kipandio kilisikika.

Alipofikiwa alikuwa hai, mfupa umetoboa suruali nyeupe. Ngeu alimfunga pingu huku akikohoa, shingo inawaka.

"Anyamaze nini?" aliuliza. "Profesa alijua nini?"

Chifu alitema damu, akacheka. Jicho lake zima lilimtazama Nahodha aliyekuwa amesimama juu ya ngazi.

"Mwulize yeye. Mimi nilikuwa zamu tu. Mwulize tuligonga nini."

Ngeu alipanda tena ngazi, kipandio kwa kipandio, akishika reli. Alipofika juu Nahodha alirudi hatua moja, akakaa kwenye kiti cha usukani bila kukitazama.

"Zima mitambo," Ngeu alisema.

Nahodha alibonyeza. Mtetemo ukafa chini ya miguu yao.

"Mligonga nini?"

"Gogo." Alifuta midomo. "Siku moja kabla ya kutia nanga, karibu na alfajiri. Nilikuwa nimelala. Meli ilitikisika, nikampigia simu Chifu, akasema ni gogo. Bahari ina magogo."

"Profesa alisema nini?"

"Alfajiri alipima nyota. Mitambo ya setilaiti ilikuwa imezimwa na Chifu ndiye aliyeizima, mimi sikujua. Akaona kitabu cha meli kimeandikwa tulikuwa mahali pengine, maili arobaini kusini. Alikuja kwangu na ukurasa wake. Akasema, Nahodha, hapa ndipo tulipokuwa, na mbele ya meli chini kuna rangi ya buluu isiyo yetu na kipande cha mbao."

Sajini alikuwa amekaa ukutani, ameshikilia shavu kwa kitambaa kilicholowa chote. Aliongea kwa upande mmoja wa mdomo.

"Boti ya abiria, afande. Watu kumi na mmoja. Ya buluu. Wanaitafuta siku ya tano hii. Wanaitafuta kusini, wakifuata upepo."

Ngeu hakuondoa macho kwa Nahodha. "Alikuja kwako. Ukafanya nini?"

"Nilimwambia Chifu azungumze naye."

"Ukijua ni mtu gani huyo Chifu."

"Azungumze tu! Sikusema..." Mzee alifinya mikono kati ya mapaja. "Nina miezi mitatu nistaafu, mama. Nilijiambia ni gogo. Kila siku najiambia ni gogo."

"Ulisikia kitu, ulipokuwa umelala?"

Chini, Chifu alikuwa anamtukana mtu aliyejaribu kumgusa mguu.

"Dirisha langu lilikuwa wazi," alisema Nahodha hatimaye. "Kulikuwa na mwanamke anaita. Aliita jina, la mtoto nadhani. Alirudia mara nyingi. Halafu tukawa mbali."

Ngeu alihisi anataka kumpiga, na kwa muda alisimama akiacha hamu hiyo ipite kwenye mabega, kwenye viganja, iishe.

"Ukurasa uko wapi?"

Ulikuwa kwenye mfuko wa shati lake, umekunjwa mara nne. Ulikuwa umeandikwa kwa penseli laini: nyota tatu, na kila nyota safu yake ya masahihisho, hakuna mstari uliorukwa. Chini kabisa, mahali pameandikwa na kuzungushiwa duara.

Ngeu alitoa simu, akapiga kikosi cha majini, akaomba nahodha wa boti ya msako. Alipopatikana aliiweka simu mezani mbele ya mzee, pamoja na ukurasa.

"Wasomee."

"Inspekta, nakuomba. Soma wewe."

"Wasomee, Nahodha. Polepole, waandike."

Nahodha alivaa miwani. Alisoma digrii, akasoma dakika. Sauti ilimkauka katikati na mtu wa upande wa pili akasema hajasikia, arudie tangu mwanzo.

Akarudia.